Jirani Aliyeita Zambia na Mwavuli

Jirani yangu hakuwahi kumaliza sahani ya bukari, ndio ugali wetu, nyumbani kwetu, ila mara moja tu, na hiyo mara moja nitaifikia. Tulikaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, enzi za Zaire. Nilimkaribisha Krismasi, nilimkaribisha kwenye matanga, nilimkaribisha hata siku nilipopata jiko jipya la umeme nikataka mtu wa kulisifu. Anakaa, ananawa, anamega tonge la kwanza, la pili, kisha macho yanaanza kwenda kwenye saa ya mkono. Tonge la tatu linabaki vidoleni. "Mama, unisamehe, inapita." Ameshatoka. Sombe, kisamvu chetu, inabaki inapoa na mimi nabaki na hasira zangu.

Kilichokuwa kikipita ni setilaiti. Si zile kubwa za serikali. Yake ilikuwa kisanduku kidogo ambacho watu wanaopenda redio, huko nchi za mbali, walikitengeneza kwa mikono yao wakakiombea nafasi kwenye roketi ya wengine. Kinazunguka dunia, na kinapopita juu yetu, mtu wa Kolwezi mwenye redio na antena anaweza kutuma sauti yake huko juu, kisanduku kikaipokea na kuishusha kwa mtu mwingine aliye mbali. Nafasi yenyewe ni dakika kumi na tano, ikizidi sana ishirini. Halafu kinazama, unangoja karibu saa mbili kirudi, na safari hiyo kinapita magharibi zaidi. Alinieleza haya mara nyingi, kila mara akiwa wima, kwa sababu huyu mtu hakueleza kitu akiwa amekaa.

Nitamwita Jirani tu. Jina lake la karatasi, lile tulilolazimishwa sote kuchukua tulipoambiwa tuache majina ya ubatizo, mwenyewe hakulipenda. Alisema ni refu mno, ukilitamka lote kisanduku kimeshafika Sudani.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye standa, yaani kile chumba cha simu za kampani ambamo wanawake sita tulichomeka waya kwenye matundu kutwa nzima ili mhandisi aongee na karakana na karakana iongee na stesheni ya Tenke. Nilijiona mtu mkubwa. Simu yoyote ya Kolwezi ilipita mikononi mwetu, na hapo ng'ambo ya ua kuna mwanamume anaongea na ulimwengu bila kupita kwangu. Basi nilimchokoza. Kila nilipomwona uani nilimuuliza, "Jirani, leo umeshaita Zambia na mwavuli?" Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo akaendelea na yake. Nilisema hivyo miaka nenda rudi.

Mwavuli haukuwa utani mtupu. Antena zake za mwanzo alizitengeneza kwa mbavu za miavuli. Alikwenda sokoni kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, wa familia zilizotoka Maniema, akanunua miavuli saba katikati ya kiangazi. Yule mzee alimtazama, akatazama mbingu, akamuuliza kama amepata habari za mvua ambazo wengine hawajazipata. Jirani alirudi nayo, akaivua nguo yote isipokuwa mmoja, akakata zile mbavu kwa vipimo alivyoviandika kwenye kiganja, akazipanga mbili mbili kwa kukingamana juu ya mpini wa ufagio. Ukiitazama kwa mbali ni misalaba mitano juu ya fimbo moja. Wamama wa maombi walisimama barabarani wakiiangalia, na mmoja akathubutu kumuuliza ni kanisa gani hilo. Akamjibu kwa adabu kwamba ni kanisa la watu wasiojua kukaa chini.

Sasa, mtu atauliza: miavuli ya nini, mji mzima umejaa shaba? Mkoa wenyewe uliitwa Shaba. Tulilala juu ya shaba, tuliikohoa. Lakini kukutwa nayo nyumbani lilikuwa jambo jingine, walinzi hawakungoja maelezo. Hata hivyo hakuna nyumba kambini isiyokuwa na kipande. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilikuwa waya safi wa shaba kutoka mgodini, na sikuona haya. Siku moja nilimwambia aichukue, atapata antena inayong'aa. Akaiangalia kana kwamba nampa nyoka. Huyu alikuwa fundi umeme wa mashine kubwa za kuchimba, alishika nyaya nene kama mkono wangu kila siku ya Mungu, na kila jioni alipita getini mifuko mitupu, wenzake wakimcheka. Alisema mtu akikuta shaba kwenye antena yake, hatauliza tena anaongea na nani, atasema ni mwizi na basi. Nilimwona mjinga. Hadi leo sijui kama alikuwa mwaminifu au mwoga, nadhani alikuwa vyote.

Baadaye aliinua nyingine kubwa juu ya bati, mbili ndefu za mabomba ya aluminiamu ya pazia, zimeshikwa na ekseli ya baiskeli. Kutoka ekseli ile bomba liliteremka hadi uani, na mwishoni mwa bomba kulikuwa usukani wa baiskeli, mzima, na kengele yake. Setilaiti haingoji. Inatokea kusini au kaskazini, inapanda, inavuka, inazama, na antena lazima iifuate bila kukosa. Kwa hiyo utamwona Jirani kashika usukani kwa mkono wa kushoto, anazunguka taratibu kama anayeendesha baiskeli isiyokwenda, na mkono wa kulia uko kwenye kitufe cha redio, maana sauti ya kisanduku inakuja juu kisha inateremka, inateremka, usipoifuata unaipoteza. Kisanduku chenyewe kinabiringika huko kilipo. Akitumia ile ya mwavuli, mkono ulikuwa unapinda huku na huku kutafuta mahali sauti inaponenepa. Jasho lilimtoka hata asubuhi za baridi. Mimi nilichoka kumtazama tu.

Alijuaje saa? Alikuwa na ramani ya dunia iliyobandikwa kwenye ubao, na juu yake karatasi ya plastiki iliyotoka kwenye pakiti ya shati, amechora juu yake mstari mmoja uliopinda. Anaizungusha plastiki, anasoma, anaandika kwenye daftari. Maisha yake yote yalipangwa humo. Aliomba zamu za kazi kufuata daftari. Jumapili saa tatu asubuhi kisanduku kilipita vizuri kabisa, kwa hiyo kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango na hakuwahi kusikia mahubiri mpaka amina. Jumamosi za salongo, tulipotolewa wote kufyeka majani ya serikali, jembe lake lilionekana limesimama peke yake kwenye mstari.

Alikuwa na mke. Mke alirudi kwao Tenke, na alipokuja kuniaga alisema hakufukuzwa wala hakupigwa, amechoka tu kukaa na mtu ambaye kila wakati yuko tayari kuondoka. Jirani aliteremsha antena zote siku ile. Siku tatu alizunguka pale uani, mikono nyuma, akikanyaga mahali pale pale. Siku ya nne nikasikia nyundo juu ya bati. Nilimkasirikia kwa niaba ya yule mwanamke, halafu usiku nikalia kwa ajili ya Jirani, nisijue ni kwa nini hasa.

Na kitu kilichonishinda zaidi kwa mtu huyu ni hiki. Alijua hali ya hewa kwa watu ambao hatakaa awaone. Alijua kwamba daktari mmoja mzee wa misheni, upande wa Zambia unaopakana na Angola, ameumwa mgongo na ameacha kulima bustani. Daktari huyo ndiye alikuwa rafiki yake mkubwa wa juu, waliongea karibu kila Jumapili, kwa sauti au kwa yale mapigo mafupi na marefu yanayosimamia herufi. Lakini mtoto wangu wa tatu, Jirani alimwita kwa jina la wa pili mpaka mtoto akazoea.

Mazungumzo yao yalikuwa na sheria. Jina, mahali, namna tunavyosikilizana, hali ya hewa, mwisho. Hakuna siasa, hakuna biashara, hakuna kupeleka ujumbe wa mtu. Kibali chake kiliandikwa hivyo na alikiweka ndani ya Biblia. Walikuja watu kumwomba. Mmoja alitaka kusalimia kaka yake Ndola, mwingine alitaka kuulizia mali iliyokwama mpakani. Wote aliwarudisha, kwa upole, akiwa amesimama.

Halafu ikaja vita, ile tuliyoiita ya siku sita. Walioivamia Kolwezi waliporudi walikotoka, Angola, njia ya magharibi, vijana wengi waliondoka nao. Ndugu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Kama aliwafuata kwa hiari au alibebeshwa mizigo kwa bunduki, hakuna aliyejua. Nilimlea mimi, mama yetu alipokufa alikuwa hajajua kufunga viatu. Na baada ya vita huwezi kumtafuta mtu kama huyo, ukitaja jina lake tu umejitaja mwenyewe. Tukasema yuko Kamina anasoma. Nililisema hilo neno Kamina mpaka likaniumiza meno.

Mwaka karibu ulipita. Nikasikia kwamba wengine walikatiza Angola wakaangukia Zambia, na kwamba wagonjwa walipokelewa kwenye hospitali za misheni karibu na mpaka. Nilijua misheni moja karibu na mpaka! Nilikuwa nimeisikia kupitia ua wangu miaka yote ile. Jumapili moja mchana nilikwenda kwa Jirani, nikamwambia kila kitu, nikamwomba jambo moja: amuulize daktari kama kijana wa jina hili alipita kwake.

Alisimama akasugua mikono kwenye suruali muda mrefu.

"Mama, mi siko posta," akasema. "Tunasema jina, fasi tuko, namna tunasikilizana. Basi. Nikiuliza jina ya mutu, na wakati hii, batanikamata mi, na batakuya kwako."

Nilimwambia siogopi. Akasema yeye anaogopa. Nilirudi kwangu nikafunga mlango, na nasema wazi, nilimchukia. Mtu ambaye ameacha bukari yangu katikati mara mia, hawezi kuniulizia neno moja.

Siku chache baadaye, kwenye standa, mwenzangu aliniuliza mbona nimenuna. Nikasema kwa sauti ya kuchekesha, ile yangu ya siku zote, kwamba nina jirani anayeita Zambia na mwavuli kila wiki lakini kumsaidia mtu hajui. Wanawake watatu walicheka. Kulikuwa na mwanamume mlangoni amekuja kuleta karatasi, na yeye alicheka. Sikumjua.

Jumatatu ya wiki iliyofuata wakaja watu wa usalama, wanne, wamevaa abakosti, zile suti za serikali zisizo na tai. Nilikuwa nyumbani kwa sababu ya zamu. Waliukata usukani wa baiskeli kwa msumeno, wakaangusha mabomba ya pazia kutoka kwenye bati, wakabeba redio, daftari, na ile ramani ya ubao. Walipiga picha ya misalaba ya mwavuli kabla ya kuivunja. Walitafuta shaba nyumba nzima wasipate hata kipande, na nguo zangu zilikuwa zinakauka hapo kando kwenye waya wa shaba. Jirani aliwafuata kwenye gari. Nilisimama nyuma ya mashuka.

Alirudi Jumatano amefungwa kitambaa kichwani. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, halikusikia tena. Nilimpelekea maji ya moto yenye chumvi, nikamsafisha, akaniachia. Nilikuwa nimemshika kichwa kwa mikono yangu miwili, na sikumwambia kwamba ni mdomo wangu uliomponza. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Sasa ile mara moja. Ilikuwa Jumapili, kama mwezi baada ya hapo. Tumetoka kanisani, nimesonga bukari, kuna samaki wakavu na matembele. Jirani akaingia bila kuitwa, akavuta kiti, akakaa. Alikula. Tonge baada ya tonge, macho kwenye sahani, hakuangalia saa hata mara moja ingawa nilijua kabisa kwamba kisanduku kinapita dakika ile. Alimaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, akakaa tena hapo kama saa nzima, akashukuru, akaenda. Nilimwambia mume wangu kwamba Jirani amepona ugonjwa wake. Nilifurahi hata. Nilijisemea, angalau mdomo wangu umemletea utulivu.

Hakukaa sana baada ya hapo. Kampani ilimpa barua ya kumwachisha kazi, akahamia Mutshatsha, akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na stesheni.

Miaka saba nilibeba kile nilichobeba. Kisha nikapanda treni kwenda Mutshatsha. Nyumbani nilisema nafuata mahindi, lakini nilikwenda kukiri. Nilimkuta mlangoni pa kibanda, amekonda, kanigeuzia sikio la kulia kabla hajanigeuzia uso. Ukutani ulitundikwa mwavuli mmoja uliochakaa. Kisanduku chake, aliniambia, kilikuwa kimezimika, betri zilikufa, lakini vipya vinapita siku hizi na yeye bado anavifuata. Aliyasema hayo akitembea. Alinipikia mwenyewe, akaniwekea sahani mbele yangu, yeye akasimama na yake mkononi. Halafu akaketi, na kuketi kwake kukanitia wasiwasi.

"Mama, iko kitu nilikuficha," akasema.

Akanieleza. Baada ya kunikatalia hakulala siku kadhaa. Jumapili iliyofuata, ile ya mwisho kabla hawajaja kumkamata, alimuuliza daktari. Alivunja sheria yake, alituma jina la ndugu yangu, herufi kwa herufi, kwa mapigo. Daktari alijibu asubiri, atauliza wodini, atampa jibu. Kesho yake redio ikachukuliwa. Lakini waliacha kitu jikoni, mwavuli mmoja ambao ulikuwa antena na bado ulikuwa na nguo yake juu, wakadhani ni mwavuli. Na kulikuwa na redio ndogo ya kusikiliza tu kwenye sanduku la vyombo. Hakuweza tena kutuma. Alisikiliza kila Jumapili kwa lile sikio moja, dirisha limefungwa. Jumapili tatu daktari aliita Kolwezi, akaita, bila kujua kama kuna mtu. Ya nne, katika mpito wa kwanza, alituma jibu.

"Ndugu yako alifika kwa daktari na homa," Jirani akasema. "Alikaa siku tisa. Balimuzika pale pale, kwa misheni. Iko na musalaba na jina yake."

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Jibu nilikuwa nimeshaanza kulihisi.

"Nilikuya kukuambia. Mupito wa pili ilikuwa inapita, nikaiacha, nikakuya. Nikakuta umepika, unacheka na batoto. Nikakula, kusudi kinywa isiseme."

Nilitazama mikono yake. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena maishani, nikasema. Nilimwambia ni mimi, kwenye standa, mbele ya watu, kwa hasira, na kwamba sikio lake liko juu yangu.

"Najua," akasema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu siku ile. Bale batu baliniuliza neno ya kwanza: ni weye njo unaita Zambia na mwavuli? Kolwezi muzima, ile neno iko na mutu moja tu."

Kwa hiyo alijua. Alijua nilipokuwa nimekishika kichwa chake na maji ya chumvi. Alijua kila Jumapili alipokuwa amefunga dirisha, na mwavuli mkononi, akitafuta habari za ndugu yangu. Nilimuuliza namna gani aliweza kusikiliza Jumapili nne kwa ajili ya mtu kama mimi.

"Swali nilikuwa nimekwisha kutuma," akasema. "Na daktari alikuwa anaita peke yake, hajue kama niko. Nani angemusikiliza?"

Aliangalia sahani yangu, akaniambia nile, safari ni ndefu. Nilimega tonge moja, nikamega la pili. La tatu lilibaki vidoleni, nikasimama nikatoka nje, na Jirani akabaki amekaa.